Huna Alama, Mama

"Weka tena kidole gumba, mama. Bonyeza kidogo. Tulia."

Kijana aliyekaa nyuma ya meza alisema hivyo kwa sauti ya mtu ambaye ameyarudia maneno hayohayo tangu asubuhi. Mama akaweka. Taa ndogo chini ya kioo ikawaka, ikazima. Kijana akafuta kioo kwa kitambaa, akamwomba mama apanguse kidole kwa leso na aweke tena. Gumba cha kulia, gumba cha kushoto, cha shahada, cha kati, mpaka vyote kumi vikapita pale na kompyuta ikavikataa vyote. Foleni nyuma yetu ikaanza kuguna. Ndipo kijana akaegemea kiti chake na kusema, "Mama, wewe huna alama."

Mama alikigeuza kiganja chake akakitazama, kama mtu aliyeambiwa kuna kitu kimemdondoka.

Tulikuwa tumekwenda katika ofisi moja katikati ya jiji kumwandikisha kwenye mpango wa matibabu. Presha yake imeanza kumsumbua, na dawa za kila mwezi zina bei. Bila alama za vidole hakuna kuandikishwa. Tukaambiwa turudi siku nyingine, pengine vidole vitashika.

Mama yangu ni mama fua. Amefua nguo za watu katika jiji hili la Nairobi kwa miaka 31. Tulipokuwa wadogo alitoka Kawangware kwa miguu kabla jua halijachomoza, akakata Lavington, akaenda kukaa ukutani Kileleshwa pamoja na wenzake, kila mmoja amekalia kiondo au gazeti, wakisubiri geti lifunguliwe na mtu aulize kama kuna wa kufua. Siku nyingine geti halikufunguka mpaka saa saba, naye akarudi vile alivyokwenda. Siku nyingine alirudi na mshahara wa siku umefungwa kwenye ncha ya leso, na harufu ya sabuni ya unga ikaingia nyumbani kabla yake.

Ukivileta vidole vyake karibu na dirisha utaona ncha zake zinang'aa. Zimelainika kama upande wa ndani wa kijiko cha zamani. Pembeni, pale ukucha unapokutana na nyama, kuna mipasuko myembamba anayoijaza mafuta ya mgando kila usiku kabla ya kulala. Vifundo vya mkono wa kushoto vimeota sugu, maana ndivyo alivyovifanya ubao wa kusugulia kola za mashati. Nguo ngumu kama jinzi na shuka nzito humtaka akamue kwa nguvu ya bega, kwa hiyo bega la kulia limekuwa chini kidogo kuliko la kushoto. Mimi ni mwalimu wa Kiswahili. Karo yangu yote, kuanzia chekechea hadi chuo, ilipita katika vidole hivyo.

Tulipanda matatu ya 46 kurudi nyumbani. Mama alikaa upande wa dirisha, mikono amefunika kwa leso. Baada ya kimya kirefu akaniuliza, "Sasa nikifa barabarani watajuaje ni mimi?"

Sikuwa na jibu. Lakini swali lile lilinirudisha kwenye aya ya kwanza niliyowahi kukariri Shule ya Jumapili, Mwanzo 1:27, ambayo sisi watoto tuliiimba zaidi kuliko kuisema: Mungu akaumba mtu kwa mfano wake, kwa mfano wa Mungu alimwumba, mwanamume na mwanamke aliwaumba. Nimeibeba aya hiyo miaka mingi bila kuiuliza inasema nini hasa. Usiku ule niliiuliza.

Nilichofundishwa kanisani ni kwamba mfano wa Mungu ndani yetu ni akili. Tunafikiri, tunachagua, tuna dhamiri, tunaongea, na hayo ndiyo yanayotutenga na ng'ombe na mbuzi. Ni fundisho la zamani na lina watu wakubwa nyuma yake. Augustino wa Hippo, aliyezaliwa mwaka 354 katika nchi tunayoiita leo Algeria, alichungulia ndani ya nafsi ya mwanadamu akaona kumbukumbu, ufahamu na utashi, mambo matatu katika nafsi moja, na hapo akaona kivuli cha Utatu. Mtu aliyewaza hivyo hawezi kupuuzwa, wala simpuuzi.

Lakini katika ploti yetu kuna mtoto wa jirani mwenye mtindio wa ubongo. Ana miaka tisa. Hasemi, hatembei, hali mpaka alishwe. Anajua sauti ya mama yake inapokaribia mlango, na akiisikia hucheka kwa mwili mzima. Ikiwa mfano wa Mungu ni akili, basi mtoto huyu ana mfano kidogo kuniliko mimi, na mimi nina kidogo kumliko profesa. Hapo ndipo ninapogoma. Mfano wa Mungu ukishapimwa kwa kitu kilicho ndani ya mtu, lazima apatikane mwenye kidogo, kisha apatikane asiye nacho kabisa, na mwisho atokee wa kumwambia kwamba hana alama. Historia imejaa watu walioambiwa hivyo, na wengi wao walikuwa na rangi kama yangu.

Nikarudi kwenye maandiko yenyewe. Mwanzo haisemi neno hata moja juu ya akili. Neno la Kiebrania linalotafsiriwa pale "mfano" ni tselem, na mara nyingi katika Agano la Kale linataja kitu ambacho sisi wa makanisa tukikisikia tunashtuka: sanamu. Sanamu ya kuchongwa, ya kusubu, ya kusimamishwa mahali.

Ili kulielewa hilo nilikwenda Jumamosi moja kukaa katika Bustani ya Jeevanjee. Mkazi yeyote wa Nairobi anaijua, wahubiri wa mchana na wauza karanga na watu waliochoka wakilala kwenye nyasi. Mwaka 1906 mfanyabiashara A. M. Jeevanjee aliupa mji bustani ile pamoja na sanamu ya Malkia Victoria. Victoria mwenyewe alikuwa amefariki mwaka 1901, na maishani mwake hakuwahi kukanyaga Nairobi; mji huu ulianza kama kambi ya reli mwaka 1899, yeye akiwa kikongwe huko Uingereza. Jiwe lilisimamishwa pale ili kila apitaye ajue nchi hii inadaiwa na nani. Mwaka 2015 watu wakaiangusha ile sanamu na kuikata kichwa. Hakuna aliyekuwa na ugomvi na jiwe. Ugomvi ulikuwa na yule ambaye jiwe lilisimama kwa niaba yake.

Ndivyo sanamu zilivyofanya kazi tangu kale. Huko Syria, mwaka 1979, iligunduliwa sanamu ya mtawala wa karne ya 9 kabla ya Kristo, imesimama urefu wa mtu, na maandishi juu yake kwa lugha mbili, Kiashuri na Kiaramu. Katika yale ya Kiaramu sanamu hiyo inaitwa kwa maneno mawili, na maneno hayo ni ndugu wa damu wa yale mawili ya Mwanzo 1:26, "kwa mfano wetu, kwa sura yetu". Misri nako, jina la Tutankhamun maana yake ni sanamu hai ya Amuni. Mfalme ndiye aliyeitwa mfano wa mungu. Mkulima hakuitwa hivyo, wala mchimba mifereji, wala mwanamke aliyefua nguo za mfalme mtoni.

Masimulizi ya kale ya Babeli yanaeleza watu wa kawaida waliumbwa kwa nini. Miungu midogo ilichoka kuchimba mifereji ikagoma, basi akaumbwa mtu kwa udongo uliochanganywa na damu ya mungu aliyechinjwa, apokee jembe na kikapu ili miungu ipumzike. Mtu wa kawaida ni kibarua wa mbinguni. Nilipoisoma habari hiyo niliwaona wanawake wale ukutani Kileleshwa, kwa sababu bado kuna watu mjini humu wanaoamini hivyo bila kujua ni imani ya Babeli: kwamba wamo watu walioumbwa wapumzike na wamo walioumbwa wawafulie.

Sasa chukua Mwanzo uisome ukiwa na hayo akilini. Cheo ambacho Misri ilimpa farao peke yake, kitabu hiki kinampa mtu, mtu yeyote, mwanamume na mwanamke, kabla hajapewa jina wala kabila wala kazi. Ndiyo maana pia, naamini, amri ya pili inakataza sanamu ya kuchonga na mfano wa kitu chochote. Hekalu la Israeli lilikuwa na kila kitu ambacho mahekalu ya majirani yalikuwa nacho, madhabahu na makuhani na uvumba, ila sanamu ya Mungu wake haikuwamo. Mungu alikwisha kuzisimamisha zake mwenyewe, zinapumua, zimetapakaa duniani kote. Moja ilikalia kiondo ukutani Kileleshwa miaka 31.

Na hapa ndipo moyo wangu unapotulia juu ya mtoto wa jirani. Sanamu haiulizwi ina nini ndani. Thamani yake inatoka kwa aliyeisimamisha. Njiwa wakitua kichwani pa sanamu ya Tom Mboya, mwanasiasa wa enzi za uhuru, kule Moi Avenue na kumchafua, mvua ikimnyeshea, bado ni Mboya, na watu bado wanaambiana wakutane kwa Mboya. Mtoto asiyesema amesimamishwa na yule yule aliyenisimamisha mimi ninayesema kutwa nzima. Mwanzo 9:6 inasema hivyo bila kuficha: damu ya mwanadamu isimwagwe, kwa sababu alifanywa kwa mfano wa Mungu. Sababu haikuwa kwamba marehemu alikuwa na akili, au mwema, au mwenye watoto wanaomtegemea. Anayemgonga amemgonga mwenye sanamu. Nimewahi kuona umati umemzunguka kijana kwa sababu ya simu iliyoibwa, mtu tayari ana tairi mkononi. Polisi walifika kwa bahati. Sijui kama kijana yule aliiba. Najua tu alisimamishwa na nani.

Kuna neno "wakatawale" katika Mwanzo 1:26, nalo linahitaji makala yake. Nitasema tu kwamba naumia kila ninapovuka Mto Nairobi uliojaa taka pale Gikomba, kwa sababu mwakilishi hupimwa kwa namna anavyotunza mali ya aliyemtuma.

Nirudi kwenye matatu. Konda alinirudishia chenji, sarafu mbili za shilingi 20. Moja ilikuwa mpya, ina tembo. Nyingine ilikuwa ya zamani, ina kichwa cha rais. Katiba yetu ya 2010, kifungu cha 231, inakataza sura ya mtu yeyote kuwekwa kwenye pesa, na ndiyo maana tangu sarafu mpya zitoke mwishoni mwa 2018 tunabeba twiga, kifaru, simba na tembo mifukoni. Yesu angeuliza swali lake Nairobi leo, "Ni ya nani sanamu hii, na anwani hii?", tungemjibu kwamba ni ya tembo. Kule Yerusalemu walimjibu ni ya Kaisari, naye akasema cha Kaisari apewe Kaisari, na cha Mungu apewe Mungu. Sarafu ina sura ya Kaisari, irudi kwake. Kipi basi kina sura ya Mungu? Tertuliano wa Karthago, Mwafrika wa kaskazini aliyeandika zaidi ya miaka 1,800 iliyopita, alilijibu hilo waziwazi: sura ya Kaisari iko kwenye sarafu, sura ya Mungu iko kwa mtu. Kaisari achukue fedha yake. Mtu si wake.

Walimu wa Kiyahudi wa karne za mwanzo walikuwa na mfano wao wa sarafu, na mimi naupenda zaidi. Walisema mtu hupiga sarafu nyingi kwa muhuri mmoja nazo zikatoka zote sawa, lakini Mfalme wa wafalme humpiga kila mtu kwa muhuri wa Adamu, na hakuna anayefanana na mwenzake. Waliyasema hayo wakiwaonya mashahidi wa kesi ambazo hukumu yake ni kifo, wajue wanachokigusa kabla hawajafungua kinywa.

Na sisi Waswahili hatuhitaji hata kuelezwa. Lugha yetu imekwisha kusema. Binadamu, mwanadamu: mwana wa Adamu. Kila ninapolitamka neno hilo darasani nimetaja ukoo. Mwanzo 5:3 inasema Adamu alimzaa Sethi kwa sura yake, kwa mfano wake, maneno yaleyale mawili, na ndivyo mfano ulivyoshuka, kutoka mzazi kwenda mtoto, mpaka ukafika Kawangware.

Shuleni nina mwenzangu, Mwislamu wa Lamu. Nilimweleza yote haya wakati wa chai ya saa nne. Alinisikiliza kwa makini, kisha akaniambia kwamba wao huogopa kumfananisha Mungu na chochote, kwa hiyo angependa kusema khalifa, kama ilivyo katika Sura ya Al-Baqara, aya ya 30. Mtu aliyewekwa duniani kwa niaba. Nikamwambia tunazungumza karibu jambo lilelile. Akatabasamu, akasema karibu, si lilelile, nami nikamheshimu kwa kutolainisha tofauti. Halafu nilipomsimulia vidole vya mama, akanyamaza, akanisomea Sura ya Al-Qiyama, aya ya 4: kwamba Mungu anaweza kuzisawazisha hata ncha za vidole vya mwanadamu. Niliirudisha nyumbani aya hiyo kama zawadi. Mama aliniomba nimwandikie kwenye karatasi, na karatasi hiyo sasa iko ndani ya Biblia yake, mahali pa Zaburi 139.

Nairobi na vidole vina historia ambayo siwezi kuipita kimya. Kitambulisho chetu bado tunakiita kipande, na wengi wa wanafunzi wangu hawajui jina limetoka wapi. Serikali ya kikoloni ilitunga sheria mwaka 1915, ikaanza kuitekeleza baada ya vita vya kwanza vya dunia, kwamba kila mwanamume Mwafrika abebe cheti chenye alama zake za vidole, kazi yake na mwajiri wake, kikiwa ndani ya kijisanduku cha chuma kilichoning'inizwa shingoni. Shabaha ilikuwa asitoroke kazini kwa tajiri. Harry Thuku aliposimama kupinga kipande na kodi na kazi za kulazimishwa, akakamatwa Machi 1922, watu wakakusanyika nje ya kituo cha polisi, na siku ile wakauawa zaidi ya 20 kwa risasi. Wanaume kati yao walikuwa na alama zao kwenye kipande. Kuandikwa kwa vidole hakukuwakinga na kitu, kwa sababu walioziandika hawakuona katika alama zile chochote zaidi ya nguvu kazi.

Kifungu cha 28 cha katiba yetu kinasema kila mtu ana utu wa asili. Hakisemi alipewa na dola, na nashukuru kwa hilo.

Sasa niseme lililonichelewesha kuandika makala hii. Kijana yule aliposema "huna alama", nililipuka. Nilimwita majina mbele ya foleni nzima. Nilimwambia ni mtu asiye na mama, ni mashine inayolinda mashine, na mengine ambayo siyaandiki hapa. Alinitazama tu. Mama akanishika mkono akanitoa nje, na pale kwenye ngazi akasema, "Rudi ukamwombe radhi." Nikakataa. Nilikuwa nimemtetea yeye! Hakujibizana nami. Alishuka ngazi polepole akishika ukuta.

Ni Yakobo aliyenikamata, sura ya 3, aya ya 9: kwa ulimi tunamhimidi Mungu, na kwa ulimi uleule tunawalaani wanadamu waliofanywa kwa mfano wake. Nilikuwa nimesoma na kuandika siku tano juu ya sanamu za Mungu ukutani Kileleshwa, na nyuma ya ile meza nilikuwa nimeiangusha moja na kuikata kichwa.

Nilirudi Jumatatu peke yangu, saa mbili kasoro, kabla foleni haijajaa. Nikasema nilichokwenda kusema. Kijana alikaa kimya akizungushazungusha kalamu. Kisha akaniambia, "Mwalimu, mamangu huchuna chai. Vyake pia vilikataa." Akanieleza la kufanya: mama aweke mikono mbali na maji na sabuni kwa wiki mbili, apake mafuta asubuhi na jioni, kisha turudi, tumwone yeye.

Nilipoanza kusoma habari za ngozi nikaelewa kwa nini. Mistari ya vidole hujichora mtoto akiwa tumboni, na ikifika mwezi wa 6 wa mimba imekwisha kukamilika. Hata mapacha wa yai moja hutofautiana. Tunachokiona juu ni nakala tu. Mchoro wenyewe umekaa chini, pale ngozi ya juu inaposhikana na ile ya ndani. Sabuni na kusugua na dawa za madoa huula uso, na umri huupunguza makali, lakini ngozi ikipewa nafasi hujijenga upya kwa kufuata mchoro uleule wa chini, bila kukosea mstari.

Nilifurahi nikataka kuishia hapo. Mfano wa Mungu uko chini, dhambi na taabu huula uso, siku ya mapumziko unarudi. Lakini karibu na soko la Gikomba kuna fundi ninayemfahamu ambaye mashine ilimkata vidole vitatu, na viwili vilivyobaki viliungua. Kwa mkono huo hakuna mchoro wa chini. Nikisema mfano wa Mungu ni kitu kilichohifadhika ndani kabisa, nimerudia kosa la akili kwa njia nyingine. Nimehamisha tu kipimo kutoka kichwani kwenda kidoleni. Fundi yule amesimamishwa. Paulo aliwaandikia Wakolosai kwamba Kristo ndiye mfano wa Mungu asiyeonekana, na mikono ya Kristo ilitobolewa.

Ilikuwa likizo ya Agosti. Mama alikuwa na nyumba tatu za wiki, wateja wa miaka, na hakuna hata mmoja aliyetaka kumpoteza. Kwa hiyo nilikwenda mimi. Yeye alikuja pamoja nami akaketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, mikono kwenye mapaja, ikimeremeta mafuta, na akanifundisha kazi ambayo nilikuwa nimekula matunda yake maisha yangu yote bila kuijua. Nyeupe kwanza. Usimwage unga wa sabuni juu ya nguo, koroga maji kwanza mpaka uyeyuke. Kola usiisugue kwa brashi, itachanika; isugue juu ya vifundo. Suuza mara tatu, maji ya tatu ukiona bado yana povu, ya nne. Shuka ikamuliwe na watu wawili, na kama uko peke yako ifunge kwenye bomba ukamue kuelekea kwako. Siku ya kwanza jioni sikuweza kushika chaki, na bahati shule ilikuwa imefungwa. Siku ya nne ngozi kando ya kucha ilipasuka. Mama akanipaka mafuta yake usiku, kidole kimoja kimoja, akianzia kidole cha mwisho kama alivyokuwa akinihesabia nilipokuwa mdogo.

Siku ya 16 tulirudi. Kijana alimwona mama mlangoni, akainuka. Akafuta kioo mara mbili. Mama akaweka gumba la kulia, likakataa. La kushoto, likakataa. Cha shahada kikashika. Cha kati kikashika. Kidole cha pete cha mkono wa kushoto kikashika mara ya kwanza, na kwenye skrini ikatokea michirizi yake, mizunguko midogo iliyoanza katikati ikapanuka kwenda nje kama maji yaliyotupiwa jiwe. Mama akainama kuitazama. Hakuwahi kuiona. Akagusa skrini kwa ncha ya kidole, kijana akamwacha aiguse.

"Vinatosha," kijana akasema. "Sasa mtu wa karibu naye aweke chake, hapa kwenye fomu ya familia. Mwalimu, karibu."

Nikaweka gumba langu. Taa ikawaka, ikazima. Nikaweka tena. Ikakataa.

Mama akauchukua mkono wangu, akakipangusa kidole kwa ncha ya leso, akakipulizia pumzi yake ya joto, akakirudisha juu ya kioo, na mkono wake ukabaki juu ya wangu.

"Bonyeza kidogo," akaniambia. "Tulia."